Mkojo mweupe wa sungura: Chanzo ni chakula unachompa

Ndugu msomaji, zipo nyumba nyingi katika miji yetu ambazo zinafuga sungura, na si kwa ajili ya kitoweo. Sungura hao ni wa watoto. Wamepewa majina, wanabebwa, wanalishwa mkononi, na usiku hulala kwenye boksi kando ya jiko au katika banda la uani pamoja na kuku. Ni mnyama mpole, asiyebweka wala kulia. Lakini upole huo una hasara yake, kwani sungura anapoumwa pia halii. Hukaa kimya pembeni, akajikunja, na mara nyingi wenye nyumba hugundua kuwa anaumwa siku moja tu kabla hajafa.

Katika safu yetu ya leo tutaeleza moja ya maradhi yanayomuua sungura wa nyumbani kimya kimya, nayo ni maradhi ya kibofu na njia ya mkojo. Kuna maswali ambayo kila mfugaji hujiuliza siku moja. Mbona mkojo wa sungura wetu ni mweupe kama tui? Mbona jana ulikuwa wa njano na leo ni mwekundu, je, ni damu? Mbona sakafu ya banda ina utando mgumu kama chokaa usiotoka kwa sabuni? Maswali yote haya yana jibu linaloanzia mahali pamoja, yaani kwenye sahani ya chakula chake.

Utumbo usio na bawabu

Ili tuelewe jambo hili, ni lazima kwanza tufahamu namna mwili wa sungura unavyoshughulika na madini ya kalsiamu, ambayo ndiyo madini ya mifupa na meno.

Kwa binadamu, paka, mbuzi na wanyama wengine wengi, utumbo una kitu mfano wa bawabu mlangoni. Mwili ukiwa na kalsiamu ya kutosha, bawabu huyo huizuia inayozidi isiingie kwenye damu, nayo hutoka na kinyesi. Hivyo ukila chakula chenye kalsiamu nyingi leo, si yote itakayoingia mwilini mwako.

Kwa sungura, bawabu huyo ni kama hayupo. Kadiri chakula kinavyokuwa na kalsiamu nyingi, ndivyo utumbo wake unavyoichukua kwa wingi na kuiingiza kwenye damu. Ndiyo maana kiwango cha kalsiamu katika damu ya sungura ni kikubwa kuliko cha wanyama wengi. Kwa kuwa mlango wa kuingilia hauna mlinzi, kazi yote ya kuondoa kinachozidi huangukia figo. Mwaka 1973 watafiti wawili wa Marekani, Cheeke na Amberg, walilinganisha panya na sungura, wakaonyesha kuwa panya hutoa kalsiamu yake zaidi kwa njia ya kinyesi, ilhali sungura hutoa sehemu kubwa kwa njia ya mkojo. Katika wanyama wengi, figo huruhusu chini ya asilimia 2 ya kalsiamu iliyochujwa kupita kwenye mkojo. Kwa sungura kiwango hicho kinaweza kufika asilimia 45 hadi 60.

Huenda ukauliza, kwa nini ameumbwa hivyo? Sababu moja inayoelezwa ni meno yake. Meno ya sungura hayaachi kukua maisha yake yote. Yale ya mbele hukua takriban milimita 2 kila wiki, na husagika kwa kutafuna nyasi ngumu. Mnyama anayeota meno kila siku anahitaji kalsiamu kila siku. Aidha, asili ya sungura wa kufugwa ni sungura wa porini wa Hispania na Ureno, ambao chakula chao ni nyasi na magugu, tena mara nyingi makavu na duni. Kwa mlo wa namna hiyo, kuchukua kila kinachopatikana ni neema. Taabu inaanza pale mnyama huyo anapoletwa nyumbani kwetu na kuwekewa sahani iliyojaa vyakula vizito muda wote.

Mkojo upi ni wa kawaida?

Ifahamike kwamba mkojo wa sungura si lazima uwe mwangavu kama wa binadamu. Mkojo wake una hali ya nyongo, yaani kinyume cha uchachu, na katika mkojo wa aina hiyo kalsiamu hugeuka kuwa chembe ndogo nyeupe. Chembe hizo ni kalsiamu kabonati, kitu kile kile unachokiona kama utando mweupe chini ya birika la chai baada ya kuchemsha maji ya kisima kwa miezi. Kwa hiyo mkojo uliochafuka kidogo, wenye rangi ya maji ya kuoshea mchele, ni wa kawaida kwa sungura mzima anayekula, anayekunywa na kuchezacheza.

Vilevile rangi hubadilika. Mkojo unaweza kuwa wa njano iliyopauka, wa rangi ya chungwa, wa kahawia au hata mwekundu, kutokana na rangi zitokanazo na majani aliyokula. Wekundu wa namna hii huenea mkojo wote sawasawa, hudumu siku moja au mbili kisha hupotea, na sungura huendelea na shughuli zake kama kawaida.

Damu ina sura nyingine. Mara nyingi huonekana kama michirizi au mabonge ndani ya mkojo, au hutoka mwishoni mwa kukojoa. Kwa sungura jike mtu mzima, damu hiyo huenda haitoki kwenye kibofu kabisa bali kwenye kizazi, kwani saratani ya kizazi ni ugonjwa wa mara kwa mara kwa majike wenye umri wa zaidi ya miaka 3 au 4. Ukiwa na shaka, usikisie. Daktari wa mifugo ana karatasi maalumu ya kupimia mkojo inayotoa jibu kwa dakika chache.

Pale chembe zinapozidi

Kalsiamu inapokuwa nyingi na maji yakawa machache, chembe zile huacha kuelea na kuanza kutulia chini ya kibofu. Chukua mfano wa tope chini ya mtungi. Maji yakitiwa na kumwagwa kila mara, tope halikai. Maji yakikaa bila kuguswa, tope hujikusanya na kugandamana. Hivyo ndivyo kibofu cha sungura kinavyojaa uji mzito mweupe, na mkojo ukitoka huwa mzito kama dawa ya meno inayokamuliwa kwenye tyubu. Uji huo hukwaruza ngozi laini ya ndani ya kibofu, na kila anapokojoa mnyama huumia.

Hatua inayofuata ni mawe. Chembe hushikana na kuwa kokoto, na kokoto hiyo inaweza kukaa kibofuni au ikaziba njia ya kutokea mkojo. Sungura aliyezibwa kabisa asipopata tiba haraka hufa kwa sumu ya mkojo wake mwenyewe.

Hata hivyo, tusidhani kuwa kalsiamu peke yake ndiyo huleta mawe. Katika utafiti uliofanyika Zurich, Uswisi, na kuchapishwa mwaka 2012, sungura walilishwa majani makavu ya alfalfa, yenye kalsiamu nyingi, kwa muda wa wiki 25. Mkojo wao ulikuwa na kalsiamu nyingi kuliko wa wenzao waliokula nyasi za kawaida, lakini hawakupata mawe. Maana yake ni kwamba kalsiamu huleta mzigo, na mambo mengine, kama uhaba wa maji, unene, kukaa bila kutembea na maambukizi ya kibofu, ndiyo yanayougeuza mzigo huo kuwa maradhi. Bahati nzuri ni kuwa mengi katika hayo yamo mikononi mwa mwenye nyumba.

Chakula cha kuku si cha sungura

Hapa ndipo penye kosa kubwa katika nyumba zetu. Mtu mwenye kuku wa mayai na sungura katika banda moja huona wepesi kuwachotea wote chakula kutoka gunia moja. Sungura hula kwa hamu, na mwenyewe hufurahi.

Lakini chakula cha kuku wa mayai kimetengenezwa kwa ajili ya ndege anayeunda ganda la yai karibu kila siku. Kwa sababu hiyo hutiwa chokaa au magamba yaliyosagwa hadi kalsiamu kufikia takriban asilimia 3.5 hadi 4 ya chakula chote. Sungura mtu mzima asiyenyonyesha anatosheka na mlo wenye kalsiamu ya karibu nusu ya asilimia moja tu. Tufanye hesabu. Gramu 50 za chakula cha kuku wa mayai zina kalsiamu ya miligramu 1,750 hadi 2,000. Mchicha, ambao ni miongoni mwa mboga zenye kalsiamu nyingi, una zaidi kidogo ya miligramu 200 katika gramu 100. Ili sungura apate kutoka kwenye mchicha kiasi anachopata kwenye gramu hizo 50 za chakula cha kuku, ingebidi ale karibu kilo nzima ya mchicha kwa siku. Sungura wa kilo 2 hawezi. Lakini gramu 50 za chakula cha kuku anazimaliza asubuhi moja.

Kuna hatari ya pili. Baadhi ya vyakula vya kuku, hasa vya vifaranga na kuku wa nyama, hutiwa dawa za kuzuia ugonjwa wa koksidia. Baadhi ya dawa hizo, kama vile salinomaisini na narasini, ni sumu kwa sungura hata kama hazimdhuru kuku.

Ama kuhusu pumba za mahindi, mabaki ya ugali, wali, mkate na biskuti, hivi havina kalsiamu nyingi, lakini vinamdhuru kwa njia nyingine. Vina wanga mwingi na nyuzinyuzi chache. Sungura hunenepa, hulala tu, tumbo lake huvurugika, naye huacha nyasi zinazomfanya atafune na kunywa. Sungura mnene asiyesogea ndiye yule ambaye tope la kibofu humtuama.

Mlo unaomfaa

Msingi wa chakula cha sungura ni nyasi, mbichi au kavu. Angalau sehemu nane katika kumi za kila anachokula ziwe nyasi, na asizikose usiku wala mchana. Kipimo chepesi ni hiki: kila siku apate fungu la nyasi lisilopungua ukubwa wa mwili wake mwenyewe. Ukoka, majani ya tembo machanga au nyasi kavu za Rhodes wanazouziwa wafugaji wa ng'ombe, zote zinafaa, ili mradi hazina ukungu, hazikupuliziwa dawa ya wadudu na hazikukatwa kando ya barabara zenye moshi na vinyesi vya mbwa. Nyasi humsaga meno, hulisukuma tumbo, na kalsiamu yake ni ya wastani.

Baada ya nyasi huja majani mabichi. Mchunga unaoota wenyewe mashambani na viwanjani ni chakula kinachopendwa na sungura na kinapatikana bure. Saladi yenye majani ya kijani na kabichi zina kalsiamu kidogo, takriban miligramu 35 hadi 40 katika gramu 100, ingawa kabichi ikizidi humjaza gesi tumboni. Giligilani inafaa kwa kiasi. Sukuma wiki na mchicha zina kalsiamu nyingi zaidi, na mchicha una pia oksaleti. Hivyo visiwe chakula cha kila siku, bali vizungushwe na majani mengine, leo hiki na kesho kile. Hakuna haja ya kuviogopa kabisa, kwani mboga mbichi huja na maji yake, na maji hayo husaidia kusafisha kibofu. Zioshe na umpe zikiwa bado na matone ya maji. Kisamvu kibichi usimpe, kwa kuwa kina sumu.

Majani ya alfalfa, ambayo baadhi ya wafugaji huyaita lusini, yana kalsiamu mara mbili au tatu zaidi ya nyasi za kawaida. Yanawafaa watoto wa sungura hadi umri wa miezi 6 hivi, pamoja na jike anayenyonyesha, kwa kuwa hao wanajenga mifupa au wanatoa maziwa. Sungura mtu mzima wa kufugwa nyumbani hayahitaji.

Ukinunua pelleti za sungura, mpe zisizozidi gramu 25 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Usimjazie sahani siku nzima. Karoti, ndizi na embe ni peremende kwake. Kipande cha ukubwa wa kidole gumba kinatosha, tena si kila siku. Usimpe vidonge vya kalsiamu, vitamini D wala mawe ya madini ya kulamba. Mnyama anayekula nyasi vizuri havihitaji, na vitamini D ikizidi huongeza kalsiamu mwilini mwake.

Hapa inafaa tuonye jambo moja. Baada ya kusoma haya, usije ukamnyima kalsiamu kabisa. Mlo usio na kalsiamu ya kutosha hudhoofisha mifupa na meno, na sungura mwenye meno mabovu hufa kwa njaa mbele ya chakula. Makusudio yetu ni kiasi.

"Sungura hanywi maji"

Maneno haya yanasikika kila mahali. Wengine husema majani yanamtosha, na wengine huamini kabisa kwamba maji yatamuua. Ndugu msomaji, imani hii haina ukweli, na katika hali ya hewa ya joto kama ya Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na visiwani imekuwa sababu ya mateso makubwa kwa wanyama hawa.

Sungura hunywa takriban mililita 50 hadi 150 za maji kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Sungura wa kilo 2, basi, anaweza kunywa kikombe cha chai na zaidi, na anayekula nyasi kavu hunywa zaidi ya anayekula majani mabichi. Jike anayenyonyesha huhitaji mengi zaidi. Akinyimwa maji, jambo la kwanza analofanya ni kupunguza kula. La pili ni kwamba mkojo wake huwa mchache na mzito, na ile kalsiamu ambayo lazima ipite huko hubaki kuwa tope.

Mwekee maji kwenye bakuli zito la udongo lisilopinduka kirahisi. Sungura wakipewa hiari hupendelea kunywa kwenye chombo kilicho wazi kuliko kwenye chupa yenye mrija, na bakuli humfanya anywe vya kutosha bila tabu. Badilisha maji asubuhi na jioni, osha bakuli lenyewe, na liweke kivulini, kwa sababu maji ya moto hayanyweki.

Wapo wanaohofia maji ya kisima, kwamba ni magumu na yana chokaa. Ni kweli kuwa visima vingi vya pwani na visiwani, kwenye mwamba wa matumbawe, vina maji magumu. Lakini hebu tupime. Tuseme maji hayo yana miligramu 100 za kalsiamu katika lita moja. Sungura akinywa robo lita atapata miligramu 25. Gramu 50 za chakula cha kuku, kama tulivyoona, zinampa karibu 2,000. Kwa hiyo kama unataka kupunguza kalsiamu, anzia kwenye gunia la chakula. Maji mwachie anywe.

Banda na mwendo

Sungura anayefungiwa kwenye boksi dogo hana sababu ya kusimama mara kwa mara na kwenda kukojoa. Hukaa, na kibofu hukaa kimejaa. Mtoe nje ya banda saa kadhaa kila siku, mahali salama pasipo paka wala mbwa, akimbie na kuruka. Mwendo huo hutikisa kibofu na kuzuia tope lisitulie.

Aidha, sungura ni mnyama msafi kwa asili yake. Huchagua kona moja ya kukojolea, na kona hiyo ikichafuka sana huanza kujizuia. Weka hapo beseni pana lenye nyasi au maranda ya mbao, na ulimwage na kulisuuza kila siku.

Dalili za hatari

Mpeleke sungura wako kwa daktari wa mifugo ukiona lolote kati ya haya:

1. Anachutama muda mrefu na kujikamua, mkojo ukitoka matone tu au usitoke kabisa.
2. Mkojo ni mzito kama dawa ya meno, au una mchanga unaosikika ukiusugua kwa kidole chenye glavu.
3. Kuna damu au mabonge kwenye mkojo.
4. Sehemu za nyuma zimelowa, manyoya yamenyonyoka na ngozi imebabuka. Katika joto letu nzi hutaga hapo, na funza hutokea kwa muda mfupi sana.
5. Ameanza kukojoa ovyo ilhali alikuwa na kona yake.
6. Amejikunja, anasaga meno kwa sauti, hataki kuguswa tumbo.
7. Hajala kwa nusu siku.

Dalili ya kwanza na ya saba hazingoji kesho. Sungura asiyekojoa au asiyekula ni mgonjwa wa dharura, kwa kuwa tumbo lake likisimama ni vigumu kulianzisha tena. Kama mji wako hauna daktari aliyezoea sungura, ofisi ya mifugo ya wilaya inaweza kukuelekeza. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Morogoro na Chuo Kikuu cha Nairobi pale Kabete vina hospitali za wanyama.

Daktari anaweza kumpiga picha ya eksirei, ambamo mawe ya kalsiamu huonekana waziwazi. Tope la kibofu hutibiwa kwa maji ya dripu, dawa ya maumivu na kuosha kibofu. Mawe makubwa huhitaji upasuaji.

Kuna mambo mawili usiyoyafanye nyumbani. La kwanza, usimnyweshe siki wala ndimu ukitumaini kuyeyusha mawe. Siki huyeyusha chokaa sakafuni, lakini mkojo wa mla nyasi haugeuki kuwa mchachu kwa njia hiyo, na mawe ya sungura hayayeyuki kwa chakula wala kinywaji. La pili, usimpe vidonge vyako vya amoksilini, ampisilini au penisilini. Dawa hizi zikipitia mdomoni huua vijidudu vyema vya tumbo la sungura na zinaweza kumuua ndani ya siku chache. Sungura wengi hufa kwa tiba ya huruma.

Usafi wa nyumba

Mkojo wenye kalsiamu nyingi huacha utando mweupe mgumu kwenye sakafu, beseni na nguo. Sabuni peke yake haiutoi, kwa sababu si mafuta bali ni chokaa. Suuza kwanza kwa maji mengi, kisha mwagia siki nyeupe au maji ya ndimu, subiri nusu saa, utaona inatoa mapovu, halafu sugua na usuuze tena. Tahadhari: usichanganye kamwe siki na dawa yenye klorini kama Jik, wala usimwage Jik juu ya mkojo mbichi. Michanganyiko hiyo hutoa hewa ya sumu inayoumiza mapafu ya watu na ya mnyama pia.

Kwa wafuasi wa madhehebu ya Imam Shafi, ambao ndio wengi katika pwani yetu, mkojo wa mnyama yeyote ni najisi, hata wa yule ambaye nyama yake inaliwa. Madhehebu ya Maliki na Hanbali yana mtazamo mwingine kuhusu wanyama wanaoliwa. Ufafanuzi wa hukumu tunawaachia masheikh. Sisi kwa upande wa usafi tunashauri sungura asiachwe huru katika chumba cha kuswalia, miswala ihifadhiwe juu, na nguo iliyolowa ioshwe mapema kabla chokaa haijakauka kwenye uzi.

Watoto wafundishwe kunawa mikono kwa sabuni kila baada ya kumshika sungura au kusafisha banda. Kuna kijidudu kiitwacho Encephalitozoon cuniculi ambacho hutoka kwenye mkojo wa sungura. Kwa mtu mwenye afya njema ni nadra kuleta madhara, lakini mwenye kinga dhaifu anaweza kuugua. Kwa hiyo mgonjwa wa namna hiyo asiachiwe kazi ya kusafisha banda.

Anza leo

Ndugu msomaji, mnyama aliyefungiwa hawezi kujitafutia. Anakula tulichomwekea na kunywa tulichokumbuka kumtilia. Huyo ni amana mikononi mwetu, na tutaulizwa juu yake. Kama nyumbani kwako kuna sungura, nenda leo ukaangalie mambo matatu. Angalia sahani yake imejaa nini. Angalia kama ana bakuli la maji na kama maji hayo ni safi. Kisha angalia kona anayokojoa, uone kama kilichokauka pale ni vumbi jepesi jeupe au ni tabaka zito.

Ukikuta tabaka zito na sungura bado ni mchangamfu, bado una nafasi. Ondoa chakula cha kuku, ongeza nyasi kidogo kidogo kwa muda wa wiki moja hadi mbili ili tumbo lizoee, mwekee maji wakati wote, na umfungulie atembee. Mpe mwanao kazi ya kuangalia mkojo kila asubuhi anapomwaga beseni. Mtoto atakayejua rangi na uzito wa mkojo wa kawaida ndiye atakayekuwa wa kwanza kukuambia siku utakapobadilika.

Wabillahi tawfiq.